Viziwi Wawili Mbele ya Injini Moja

Ukipita karakana yetu pale beach, gati la mtoni tunapopakia maboti, ukanisalimia na mimi nikanyamaza, usiende kusema nyumbani kwamba Papa Bolamba amekuwa na kiburi. Sikukusikia tu. Injini za maboti zimekula masikio yangu. Zilianza na la kulia, maana ndilo nililokuwa nikiliinamisha kwenye mashine, halafu la kushoto likaona haya kubaki peke yake. Rudi, simama mbele yangu, salimia kwa nguvu. Nitafurahi, na nitakuvutia kiti.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa, spana mkono mmoja na simu mkono wa pili. Wazee wenzangu wanawasema vibaya. Mimi siwasemi, kwa sababu mjukuu wangu Espérance, ambaye ndiye fundi mwenye karakana leo, anafanya vivyo hivyo, na yule binti nampenda mno. Kila siku mnaniuliza kuhusu hiyo akili bandia ya kwenye simu, inayojibu kwa hatua, kwanza hivi, halafu hivi, kwa hiyo hivi: Papa, inafikiri kweli au inaigiza? Sikusomea kompyuta. Lakini nimefanya kazi miaka yote hii na watu waliofikiri kwa sauti, na watu walioigiza kufikiri kwa sauti, na kuna siku mimi mwenyewe nimekuwa wote wawili kabla ya chakula cha mchana.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Papa Alimasi. Alikuwa mfupi, kofia yake ya Kiislamu haikuwahi kupata doa la oili, na hadi leo sielewi aliwezaje. Kwake kulikuwa na sheria moja tu: hugusi injini kabla hujasema. Ulisimama mbele ya mgonjwa, mikono nyuma, ukaeleza unachokiona na unakokwenda.

“Sema kwanza,” alikuwa akituambia. “Mukono iko na haraka, lakini haijue kwenye inaenda.”

Injini, alisema, inadai vitu vitatu: moto, mafuta, pumzi. Basi ulianza na moto. Je, buji, ile plagi ya moto, inatoa cheche? Rangi yake ikoje? Ikiwa nyeusi na inateleza, umeweka oili nyingi kwenye petroli. Ikiwa nyeupe, injini inachemka. Ikiwa ya kahawia kama biskuti, mwachie Mungu, buji ni nzima. Ukimaliza moto unakwenda kwenye mafuta, halafu pumzi. Kuhusu joto alitufundisha neno ambalo mama zetu hawakulipenda: injini isiyokojoa inakufa. Kale kamkondo ka maji kanakotoka ubavuni kakikatika, zima mara moja, uchungulie chini. Mara nyingi utakuta yale majani yanayoelea mtoni, Kongo ya sika, yameziba mdomo wa kuvutia maji.

Nilidhani tunasema ili mwenye boti asikie na aone kwamba tunajua kazi. Siku moja nilikuwa natangaza, kifua mbele, kwamba buji ni nzima kwa sababu nimeibadilisha jana, na katikati ya sentensi hiyo nikakumbuka kwamba ile ya jana niliitoa kwenye kopo la buji chakavu. Mdomo wangu wenyewe ulinishtaki. Papa Alimasi alinyoosha kidole tu kuelekea kwenye kopo. Tangu siku hiyo nilielewa kwamba kusema hatua kunamsaidia msemaji mwenyewe, maana uongo uliotulia kichwani unajikwaa ukipita mdomoni.

Nilijifunza pamoja na kijana aliyeitwa Dieudonné. Huyu, Mungu alimpa mdomo kwanza, mengine yakafuata polepole. Baada ya miezi michache alikuwa amemchukua Papa Alimasi mzima mzima: kikohozi kidogo kabla ya kusema, kidole kwenye sikio, na zile “bon” na “donc”, haya na kwa hiyo za Kifaransa, zilizowekwa mahali pake. “Bon. Moto iko. Mafuta iko. Donc...” Wateja walimpenda sana. Na mjue kwamba mara nyingi alipatia! Injini zinazoletwa kwetu huugua magonjwa yale yale, ukisimama kila asubuhi pale beach ukatangaza “petroli iko na maji”, jioni utakuwa na sifa ya nabii.

Shida ilikuja na injini yenye ugonjwa wa nadra. Dieudonné alisema vizuri vile vile. Hakukwama, hakukuna kichwa, utamu haukupungua. Hapo ndipo Papa Alimasi alipomfanyia mtihani wake. Alimngoja amalize, halafu akasema kwa upole, “Miye naona iko karburata.”

Dieudonné hakuvuta hata pumzi. “Ndiyo, Papa, iko karburata, ju...” Na akatoa sababu, tamu kama zile alizotumia dakika iliyopita kutuonyesha kwamba si karburata.

Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akamwambia jambo ambalo nimelibeba hadi leo: “Mutoto, pale ulikuwa, watu walikubeba kwa mugongo. Mutu mwenye alifika na miguu yake, haumurudishe na neno moja.”

Msimcheke sana Dieudonné. Aliendelea kuigiza mwaka hadi mwaka, na kila alipoigiza alilazimika kusimama mbele ya injini, kuigusa, kuungua vidole, kuaibika mtoni mbele ya abiria. Leo ana karakana yake Yanonge, kule chini mtoni, na ni fundi kweli kweli. Siwezi kuwaonyesha siku ambayo kuigiza kulikwisha na kufikiri kukaanza, na yeye pia hawezi. Mimi mwenyewe hukohoa kabla ya kusema jambo la maana. Sina kohozi, wala sijawahi kuugua kifua. Kile ni kikohozi cha Papa Alimasi, nilikivaa ujanani kikanikaa.

Sasa nije kwa Espérance na Mama Kahindo.

Masikio yalipoharibika niliacha kazi, Espé akashika karakana. Watu wa beach walikuwa na maneno yao: karakana ya kiziwi na msichana. Mama Kahindo hakujali. Huyu ni mfanyabiashara, mtu wa Kivu ya Kaskazini, Mkatoliki wa kufunga rozari kwenye nguzo ya boti, na boti yake hushuka Yanonge siku za soko na sabuni, sukari, biskuti na vitenge, ikarudi na samaki wa moshi. Alikuwa mteja wangu, akawa wa Espé. Na pale beach akienda Mama Kahindo, wengine wanafuata.

Injini yake ikaanza tabia mbaya. Inaondoka vizuri, inaupita mji, halafu katikati ya mto inakohoa na kufa. Nahodha anavuta kamba, haitaki. Wanangoja kidogo wakielea, anavuta tena, inawaka kama vile hakuna lililotokea. Alituletea, tukaiweka kwenye pipa la maji, ikanguruma asubuhi nzima bila kosa. Ikarudi mtoni, ikafa. Mara ya pili niliamuru ibadilishwe bobini, kile kifaa kinachopeleka moto kwenye buji, kwani bobini ikichoka hulala ikipata joto na kuamka ikipoa. Pipani ikanguruma. Mtoni ikafa.

Mara hiyo ya tatu ilikufa kwenye mvua, wakaelea mbele ya meli inayosukuma matishari. Nahodha alipiga kasia na abiria wakapiga maji kwa sufuria na mikono, wakaponea chupuchupu. Mama Kahindo alikuja karakana nguo zikiwa bado zimelowa. Hakupaza sauti, lakini alisema mbele yangu nikaweza kusoma midomo yake.

“Papa Bolamba, miye nakupenda, na huyu mutoto namupenda. Lakini ku boti niko nabeba watoto ya watu. Ikikufa tena, nitapeleka motere kwa wengine.”

Beach nzima ilisikia. Nilimtazama Espé na moyo ukaniuma. Ikifa tena, watasema alijaribu, maskini, na atarudi kuuza vocha za simu chini ya mwavuli. Hakuna aibu kuuza vocha. Lakini yule mtoto alijua kukaza nati kabla hajajua kufunga kiatu.

Espé akaitoa simu. Nilimwomba anisomee karibu na sikio la kushoto, ambalo bado linakubali kupokea wageni. Akaeleza ugonjwa, na jibu likaja. Jamani, nilishangaa. Moto, mafuta, pumzi! Ile akili bandia ilipanga hatua zake kama Papa Alimasi, imebakiza kuvaa kofia tu. Ilitaja mambo matatu: bobini inayolala ikipata joto, pampu ya mafuta iliyochoka, au kale katundu ka hewa kwenye kifuniko cha tanki la mafuta kameziba, kwa sababu tanki lisilovuta hewa haliwezi kuachilia petroli. Kila moja na sababu yake.

Espé alichukua tanki, lililokuwa limeletwa pamoja na injini, akapuliza kwenye katundu. Hewa ikapita vizuri. Akaandika: hewa inapita. Simu ikakubali, ikasema basi imebaki pampu au bobini.

“Bobini,” nikasema.

“Koko, bobini iko ya mupya. Weye mwenyewe ulisema tubadilishe,” akajibu Espé; koko kwetu ni babu.

“Bobini za leo ni takataka. Mwandikie kwamba koko wako, fundi wa siku nyingi, anasema ni bobini.”

Akaandika. Jibu likaja: babu yako yuko sahihi, uzoefu wake una thamani kubwa, bobini mpya nayo inaweza kuwa mbovu. Na sababu zikafuata, zimepangwa vizuri, kwa hiyo hivi, kwa hiyo vile. Nilivimba kichwa. Ni nani hapendi kuambiwa hivyo, tena na kitu kilichosoma vitabu vyote vya dunia?

Lakini yale maneno “babu yako yuko sahihi” yaliniwasha kidogo. Nikasema, “Mwandikie kwamba koko amebadilisha mawazo. Sasa anasema ni pampu.”

Espé alinitazama, akaandika. Na simu, bila hata kukohoa, ikajibu kwamba babu ameona jambo muhimu, na kwamba pampu ndiyo inayoelekea zaidi kuwa mbovu. Sababu zikafuata.

“Dieudonné!” nilipiga kelele. “Ni Dieudonné yumo humo ndani!” Nilicheka mpaka jirani fundi baiskeli akaja kuuliza kama kuna msiba. Ilikuwa kama mkwe aliyekuja kuposa, ambaye kila asemacho baba wa binti anaitikia ndiyo, hata baba akisema mto unapanda mlima.

Espé hakucheka. Injini ilikuwa yake, na jina lilikuwa lake.

“Koko, usiseke simu,” alisema. “Weye ulisema bobini mbele nimalize kusoma. Ulisikia nini ku motere?”

Sikuwa nimesikia kitu. Hata pale pipani, injini ikinguruma, mimi naona moshi tu. Nilisema bobini kwa kuwa injini nyingi za namna hiyo nilizokutana nazo zilikuwa na ugonjwa wa bobini. Neno lilitoka lenyewe, likifuata njia lililozoea.

“Hii IA, hii akili bandia, inafanyaka namna gani?” nikamuuliza, kwa upole sasa.

“Ilisoma maandiko ya watu mingi sana, Koko. Ikajifunza ile neno yenye inafuataka ingine. Njo wakaifundisha kuandika hatua mbele ya jibu. Ikiandika hatua, haikosee sana.”

“Sawasawa na sisi kwa Papa Alimasi. Na motere, ilishaka shika moja?”

“Haiko na mukono, Koko. Iko na ile tu naiambia.”

Basi tulikuwa wawili. Mimi na simu, viziwi wote, tumeketi upande mmoja wa meza, tunamfikiria mgonjwa kwa maneno tuliyoletewa na mtu mwingine. Mwenye masikio alikuwa mmoja tu, na sisi wawili tulikuwa tunambabaisha.

Wengine hapa mjini wanaiita simu kasuku. Nawakatalia. Kasuku wa jirani yangu anasema “karibu” hata kwa mwizi, na hajawahi kunitajia katundu ka tanki. Ile simu inaunganisha mambo, na inakukumbusha uliyoyasahau, na mimi katundu nilikuwa nimekasahau kabisa. Iulizeni. Ila muiulize kama mnavyouliza mzee kiziwi: mpeni heshima yake, pokeeni maswali yake, halafu nendeni mkaangalie wenyewe. Na ikikubaliana nanyi haraka mno, jaribuni kuiambia kinyume.

Espé alizima simu. “Hapa kwa pipa haitakufa,” alisema. “Inakufaka mu safari. Siku ya soko nitapanda boti.”

Nikapanda naye. Hakunialika. Nilikaa katikati ya abiria, nikimwelekea yeye kule nyuma, ili nione midomo yake. Boti ilijaa magunia, mabeseni, kuku, na Mama Kahindo akakaa mahali pake pa siku zote, juu ya katoni za biskuti, kando ya tanki, kifurushi cha kwanga, ule mkate wa muhogo, kwenye paja. Alinikatia kipande, na samaki kidogo. Kwanga ile ilikuwa nzuri, nzito, ya kushika meno. Tuliuacha mji, upepo ulikuwa mtulivu.

Injini ikafa.

Niliijua kwa miguu, mbao ziliacha kutetemeka. Wanawake wakashika rozari, nahodha akakimbilia kamba. Espé akamzuia mkono. Hakugusa kitu. Alisimama, mikono nyuma, na nikaona midomo yake ikienda: moto... mafuta... pumzi. Kisha akainama akaushika ule mpira unaobanwa ili kuvuta petroli kutoka kwenye tanki. Ulikuwa umesinyaa, umenywea kabisa, kama umenyonywa kutoka upande wa tanki. Akafuata bomba kwa kidole, akasogeza gunia la sukari, akafika kwenye kifuniko, akakilegeza.

Hapo aliinua kichwa ghafla. Baadaye waliniambia kwamba tanki lilivuta pumzi ndefu, fsss, na boti nzima ikasikia. Mimi sikusikia. Niliuona uso wake tu, na uso ule nilikuwa nimeuona kwa Papa Alimasi.

Alikigeuza kifuniko akakiinua juu. Kwenye katundu ka hewa palikuwa na donge la kwanga, limekandamizwa vizuri, alama ya kidole gumba ikionekana. Tukageuka wote pamoja kama kanisani, tukamtazama Mama Kahindo.

“Yesu wangu,” alisema, mkono kifuani. “Iko kwanga yangu.”

Akaeleza. Petroli ilikuwa ikirukia nje kwa kale katundu boti ikiyumba, na watu wa Yanonge walianza kulalamika kwamba biskuti zake zina harufu ya mafuta. Basi kila boti ikiondoka aliziba. “Na tukifika, natosha ile kwanga, nasafisha muzuri, ju pilote aweke mafuta bila uchafu. Miye si mutu wa uchafu!”

Ndiyo maana kule karakana hewa ilipita. Simu ilipewa habari ya kweli, na habari hiyo ilikuwa ya kweli nchi kavu tu. Abiria walicheka hadi boti ikayumba. Espé akasafisha katundu kwa kijiti, akafunga kifuniko, akaubana mpira ukajaa, nahodha akavuta kamba mara moja. Mbao zikaanza kutetemeka chini ya miguu yangu.

Nilipaswa kufurahi na kunyamaza. Lakini kuna deni la Papa Alimasi lililokuwa halijalipwa. Nikakaza uso, nikasema kwa sauti ya kufika hadi nyuma:

“Miye naona ingali bobini. Kwanga haiue motere.”

Kicheko kikakatika, nikaona kwenye nyuso zao. Mzee amesema, tena mwenye karakana ya zamani, tena mbele ya mteja. Mama Kahindo akamtazama Espé. Nahodha akamtazama Espé. Na mimi, nawaapia, niliogopa kuliko siku yoyote mtoni, kwa sababu kama angesema “ndiyo, Koko” ningekuwa nimemwachia spana tu.

Espé aliniangalia. Akaweka ngumi mdomoni, akakohoa kidogo.

“Hapana, Koko.”

“Unanikatalia mbele ya watu?”

“Ndiyo. Kama weye haukubali, ninaweza kurudisha kwanga pale, tuone.”

“Usirudishe!” abiria wote wakapiga kelele, na hiyo hata mimi niliisikia. Mama Kahindo alikuwa amekwisha kuitia kwanga yake iliyobaki kinywani, isije ikatumika.

Niligeuza uso kwenye maji nikajifanya nimerushiwa tone jichoni. Kikohozi kile kilikuwa cha Papa Alimasi, ambaye Espé hakuwahi kumwona. Alikiokota kwangu, kama nilivyokiokota mimi. Lakini lile hapana sikumpa mimi, wala simu haikumpa. Alilifikia kwa miguu yake.